Mtungi, Kiwanda na Hisa: Habari ya Fedha ya Kileo Kando ya Ziwa

Msafiri atokaye Kisumu kwa barabara kuu ya Busia akifika Kisian huiona njia ikigawanyika, na akishika ile ya kushoto iendayo Bondo na Usenge, Ghuba ya Winam ikiwa mkono wake wa kushoto na mawe makubwa ya nchi ya Seme yakichomoza mashambani huku na huku, hupita Holo, hupita jirani ya jabali mashuhuri la Kit Mikayi, na si muda mrefu huwasili Kombewa. Wataalamu wa tiba wa nchi za mbali wanalijua jina la Kombewa kwa sababu ni mojawapo ya vituo 11 vya Afrika ambamo chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2014, na heshima hiyo ni haki yake. Habari ninayotaka kuisimulia ni nyingine, na haijaandikwa juu ya kibao chochote: ni habari ya fedha itokanayo na kileo, jinsi ilivyoanza kwenye mtungi wa mtama, ikapitia vilabu vya manispaa na viwanda vya mijini, ikaishia katika daftari za hisa ambamo fungu la mtu wa Kombewa limo bila mwenyewe kuulizwa.

Maana limo. Tumchukulie mpishi wa shule katika soko hili, mama wa makamo, Mwadventista au mfuasi wa kanisa la Nomiya, asiyejua ladha ya bia tangu kuzaliwa kwake na asiyeruhusu chupa yake ivuke kizingiti. Kila mwezi mshahara wake hukatwa fungu la Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, iliyoanzishwa mwaka 1965, na hazina hiyo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa wenye hisa wakubwa wa ndani wa East African Breweries, na imepata kumiliki pia hisa za British American Tobacco Kenya, kampuni iliyoingia katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1969. Basi gawio la bia na la sigara humlea mama huyu katika uzee wake, naye hana habari. Je, ana taksiri? Na kama hana yeye, nani anayo? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa haki bila kurudi nyuma, kwa sababu halikuzaliwa katika Soko la Hisa.

Kabla ya reli, mtama na wimbi ndivyo vilivyokuwa chakula cha Waluo wa Seme, na ndivyo vilivyokuwa pombe yao. Wazee waliketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake mrefu uitwao oseke, na mwenye boma aliyetaka shamba lake lipaliliwe aliwaita jirani zake kwa saga, wakalima mchana kutwa, na jioni ijara yao ikawa pombe iliyopikwa na wanawake wa boma hilo. Sitaki kuupamba wakati ule kuliko ulivyostahili, kwani walevi walikuwapo na nyumba zao ziliteseka kama zinavyoteseka za leo. Walakini katika utaratibu ule palikuwa na jambo moja ambalo miaka iliyofuata ililipoteza, nalo ni kwamba mwenye pombe na mnywaji walikaa pamoja, wakajuana kwa ukoo na kwa majina, na madhara ya mtungi, yalipotokea, yalitokea mbele ya macho ya yule aliyeupika. Hapakuwa na mtu aliyekaa mbali akapokea faida ya ulevi asiouona.

Reli ilipofika Kisumu, ambayo wakati huo iliitwa Port Florence, mwezi wa Desemba 1901, ilileta pamoja na kodi na vibarua watu wa dini waliokuja na hukumu kali juu ya kileo. Marafiki, yaani Wakweka wa Marekani, walifungua misheni yao Kaimosi mwaka 1902. Mwaka 1906 Waanglikana wa CMS waliingia Maseno, mwendo mfupi kutoka Seme, na mwaka huo huo Waadventista wakaweka makao Gendia, ng'ambo ya ghuba. Na hapa hapa Asembo, jirani wa Seme upande wa magharibi, akasimama Johanwa Owalo, mwenyeji, aliyepata kuishi Mombasa na kuujua Uislamu, akaanzisha Nomiya Luo Church, kanisa la kwanza la Waafrika wenyewe katika Kenya, naye pia akawakataza wafuasi wake ulevi. Kwa hiyo mtoto wa Kombewa aliyezaliwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikua akisikia kutoka kila upande kwamba mtungi ni adui wa roho.

Lakini lipo jambo ambalo sijaona likitiliwa maanani, na kwangu mimi ndilo ufunguo wa habari yote. Watu wa dini walioleta mafundisho hayo walikuwa kwao na mafundisho mapana zaidi. Wakweka wa Philadelphia waliazimia mwaka 1758 kwamba ndugu anayenunua au kuuza watumwa asishirikishwe katika shughuli za mkutano wao, maana yake mtu hatazamwi kwa tabia ya mwili wake tu bali hata kwa mlango fedha yake inapoingilia. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, katika hotuba yake juu ya matumizi ya mali aliyoipiga chapa mwaka 1760, aliwafunza waumini watafute mali kwa bidii, ila wasiitafute kwa kumdhuru jirani katika mwili wake wala katika roho yake, na wauza pombe kali akawataja waziwazi. Nusu hii ya mafundisho haikushuka kwenye gati la Kisumu. Iliyofika ni ile inayomhusu mnywaji: usinywe, usivute, usicheze ngoma za usiku. Inayomhusu mwenye rasilimali ilibaki Ulaya na Marekani, na sababu yake haikuwa hila. Ilikuwa kwamba katika Kavirondo, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, hapakuwa na mtu mwenye hisa wa kuambiwa. Mwafrika alihesabiwa kuwa mnywaji au asiyekunywa. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja atakuwa mwenye kampuni.

Serikali, kwa upande wake, iligundua mapema kwamba ulevi unaweza kulipia mema. Katika miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi, likifuata mfano wa Durban katika Afrika Kusini, lilijitwalia haki ya kuuza pombe ya Waafrika katika mtaa wa Pumwani, na faida yake ikawekwa katika mfuko wa kuwahudumia Waafrika hao hao. Watu wetu wa Ziwa, waliokwenda Nairobi kwa maelfu kuitumikia reli na nyumba za Wazungu, walikunywa hapo mishahara yao, na sehemu ya mishahara hiyo ikawarudia kwa sura ya majumba ya starehe na huduma za mitaa. Tazama jinsi hoja ilivyokuwa tamu: wanakunywa hata hivyo, basi heri wanywe mbele yetu na faida iwajengee. Hoja hiyo haijafa hata leo, na kila mara inapovaa nguo mpya husahauliwa umri wake. Kasoro yake ni moja, wala si ndogo: mke aliyebaki Seme akingoja fedha ya kodi na karo hakuketi katika jumba lolote la starehe la Nairobi. Mema yalihesabiwa mjini na hasara ikabaki kijijini, na daftari mbili hizo hazikuwahi kuwekwa pamoja.

Mwezi wa Desemba 1922, ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu mawindoni, na bia yao ikapewa jina la Tusker kwa kumkumbuka. Kampuni ilikua, ikaingia Tanganyika, na mwaka 1936 ikachukua jina la East African Breweries. Bia hiyo ya chupa ilipikwa kwa ajili ya walowezi na Wahindi. Mwafrika alizuiwa na sheria kuinunua, na makatazo hayo yaliondolewa baada tu ya Vita Kuu ya Pili, wakati askari waliorudi kutoka Burma na Uhabeshi walipokataa kuambiwa kwamba wanaweza kufa kama watu wazima lakini hawawezi kunywa kama watu wazima. Ikawa tangu hapo kuinua chupa ya Tusker ni alama ya usawa, na kampuni ikapata wateja ambao hawakuhitaji kubembelezwa, kwa kuwa heshima waliyonyimwa sasa iliuzwa kwa shilingi.

Katika miaka hiyo hiyo jambo la namna nyingine lilitokea upande wetu. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga, mwalimu aliyekuwa Maseno, aliandikisha Luo Thrift and Trading Corporation, akazunguka vijiji vya Nyanza na miji ya Afrika Mashariki walikoishi Waluo, hata Uganda, akiuza hisa kwa watu ambao hawajapata kusikia neno hilo. Shirika lilifungua maduka, likawa na kiwanda cha kupiga chapa kilichoitwa Ramogi Press, likajenga Ramogi House mjini Kisumu. Wapo wanaolipima shirika hili kwa faida lililoleta, na kwa kipimo hicho halikuwa tajiri. Mimi nalipima kwa jambo jingine: mwenye hisa wa Kombewa aliweza kutembea kwa miguu hadi Maseno au kupanda basi hadi Kisumu akaiona mali yake kwa macho, akauliza inauza nini, akamlaumu meneja kwa jina. Uhusiano wa mtungi wa zamani, wa mtu kuiona kazi ya mkono wake, ulikuwa umepata mwili mpya. Lau njia hiyo ingeendelea, pengine swali letu lisingekuwa gumu hivi.

Nairobi nako, katika miaka ya 1953 na 1954, wakati wa hali ya hatari, watu wa Mau Mau walitoa amri kwamba Mwafrika asipande mabasi ya kampuni ya mji, asivute sigara, wala asinywe bia ya Kizungu. Amri ilitekelezwa kwa hofu mara nyingi, nami siwezi kusifu hofu; lakini ndani yake palikuwa na fahamu ambayo misheni hazikuifunza, kwamba shilingi ya mnywaji haiishii kwenye kaunta, huenda mahali, hufanya kazi, na anayeitoa ana haki ya kuuliza inamfanyia nani.

Uhuru ulipokuja, fahamu hiyo ilizikwa chini ya furaha ya umiliki. Wenye madaraka Waafrika waliingia katika makampuni: Kenneth Matiba, aliyekuwa Katibu Mkuu serikalini, akawa mkuu wa kampuni hiyo ya Tusker, Kenya Breweries, na hisa zikawa mikononi mwa wananchi na mashirika yao. Ilisemwa, na kwa haki, kwamba mali ya nchi inarudi kwa wenyewe. Swali la kwamba mali hii ni ya aina gani halikupata nafasi, kwa sababu katika saa ya kukomboa mtu hachagui.

Sasa niende polepole kidogo, maana tunafika mahali ambapo mizani ya nchi ilipinda waziwazi. Mwaka 1980 Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Katika vijiji vya Seme, kama kote kando ya ziwa, chang'aa haikuwa anasa ya wahuni tu; ilikuwa ada ya shule. Mama mjane, au mama ambaye mumewe alipotelea mijini, asiye na ng'ombe wala mtumbwi, alipika pipa lake vichakani karibu na mto, akauza kwa kipimo, watu wakamwita mama pima, na mabinti na wavulana waliosomeshwa kwa moto wa pipa hilo leo wamo katika ofisi za serikali. Polisi walipokuja, pipa lilimwagwa, mama akapelekwa mahakamani, akatozwa faini au akafungwa, akatoka, akapika tena. Miaka miwili baadaye, mwaka 1982, Kenya Breweries ilifungua kiwanda chake Kisumu, kikapokewa kwa shangwe na hotuba, na wakubwa wa nchi wakahudhuria kama inavyopasa kwa jambo la maendeleo.

Sisemi kwamba chang'aa na bia ni kitu kimoja. Chang'aa ni kali, mpishi wake hapimwi na mtu, na pale tamaa ilipochanganya pombe na methanoli watu walipofuka na kufa: Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Mukuru huko Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe ya sumu. Ninachosema ni kwamba mama pima alibeba lawama yote ya kileo kwa sababu alionekana, na mwenye hisa hakubeba hata chembe kwa sababu hakuonekana. Na insafu haiwezi kukubali kwamba umbali baina ya mtu na madhara ndio unaomtakasa. Yule mama aliwajua wateja wake, aliwakatalia wengine, aliwarudisha wengine nyumbani kwa wake zao. Gawio halimrudishi mtu nyumbani.

Kiwanda cha Kisumu hakikudumu. Kampuni ya Afrika Kusini iliingia nchini na kufungua kiwanda Thika mwaka 1998, vita vya bia vikapiganwa hadi wakubwa wawili walipopatana mwaka 2002 na kugawana masoko, Kenya akabaki mmoja na Tanzania mmoja. Na katika mapatano na mapinduzi ya hesabu ya miaka hiyo, mitambo ya Kisumu ilizimwa. Mji ulilia. Wafanyakazi waliokuwa na mishahara mizuri kuliko jirani zao walirudi vijijini, na wengine waliingia katika biashara ile ile ya pipa.

Mwaka 2004 Kenya Breweries ilitoa bia ya bei ya chini, Senator, iliyouzwa kwa mapipa katika vilabu vya maskini, na serikali ikaisamehe ushuru kwa hoja kwamba itawatoa watu katika chang'aa na sumu. Kando ya ziwa watu waliipa jina la Obama, kwa kuwa mwaka huo huo Barack Obama, ambaye asili ya babaye ni Kogelo, Siaya, alichaguliwa kuwa seneta huko Marekani. Kwa kuwa bia hiyo ilipikwa kwa mtama, wakulima wa Nyanza na Mashariki walipewa mikataba, wakapanda mtama mweupe. Ndipo mwaka 2013 serikali ilipoondoa msamaha wa ushuru, mauzo yakaanguka, na mkulima akabaki na magunia aliyoahidiwa kununuliwa. Baadaye msamaha ulirudishwa kwa sehemu kubwa. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliweka jiwe la msingi la kiwanda kipya Kisumu, na mwaka 2019 mitambo ikaanza kazi, kwa gharama iliyotangazwa kuwa shilingi bilioni 15.

Mtu mwadilifu hawezi kuipuuza hoja ya mtama. Mkulima wa Seme ambaye pamba yake ilikosa soko, ambaye samaki wa ghuba wamepungua, na ambaye gugumaji limemfungia pwani, akipata mnunuzi wa mtama mwenye kulipa kwa mkataba, nani atamwambia akatae? Si mimi. Mwenye haja ya leo hapewi mtihani wa wenye shibe. Lakini hukumu ya mkulima siyo hukumu ya mdhamini wa hazina. Mkulima hana la kuchagua ila shamba lake. Mdhamini ana soko zima la hisa, hati za serikali, majengo na amana, na sheria ya mafao ya uzeeni inamruhusu kuchagua kati ya hayo yote. Kumficha mdhamini nyuma ya mgongo wa mkulima ni kumtwika maskini mzigo wa tajiri mara ya pili.

Kamari nayo ilikuja kwa mlango wa mpira. Gor Mahia, timu iliyoundwa mwaka 1968 na iliyotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, ni mpenzi wa kila nyumba kuanzia Kisumu hadi Usenge. Ligi yake kuu ilibeba kwa miaka kadhaa jina la Tusker. Tangu 2015 ikabeba jina la SportPesa, kampuni ya kamari, ambayo jina lake likakaa pia kifuani mwa fulana za Gor Mahia, hata mtoto asiyejua kusoma akalijua. Vijana wa Kombewa waliweka fedha za nauli na za mbolea katika simu, wakisubiri jackpoti. Mwezi wa Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kamari kwa ugomvi wa kodi, na SportPesa ilipoacha udhamini timu ikabaki haina mshahara wa wachezaji. Pumwani ilikuwa imerudi: jema lilikuwa limejengwa juu ya fedha ya udhaifu wa watu, na fedha ilipoondoka jema likaanguka, na lawama zikaelekezwa kwa aliyeifukuza fedha badala ya aliyelijenga jema juu yake.

Hapa niseme kwamba maovu haya matatu, kileo, sigara na kamari, sitayaweka katika daraja moja, kwa maana anayeyachanganya hudhoofisha hoja yake. Sigara, ikitumiwa vile vile mtengenezaji alivyokusudia, huua, na Shirika la Afya Duniani huhesabu waliokufa kwa tumbaku kila mwaka kuwa zaidi ya milioni 7. Katika hiyo sioni udhuru wowote wa hazina ya umma. Kamari ya simu hupata faida yake kwa hasara ya wachezaji, wala haina chanzo kingine, na hiyo pia naikataa. Bia ina hukumu ya kati: wapo wanaoinywa kwa kiasi bila kumdhuru mtu, na wapo ambao imewala. Mtu anaweza kuwa na hisa ya bia kwa nia safi. Ninachokikana ni mtu kuwa nayo bila kujua.

Wenzetu Waislamu wa pwani walilijadili jambo hili kabla yetu kwa uzito unaostahili. Mafundisho yao yanakiri kwamba katika mvinyo na kamari mna manufaa kwa watu, kisha yanahukumu kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Na katika hadithi za Mtume lawama ya kileo haimfikii mnywaji pekee bali humfikia mkamuaji, mchukuzi, muuzaji na mwenye kula thamani yake. Tazama jinsi mwenye kula thamani, ambaye misheni za Kavirondo hazikumjua, hapa ametajwa tangu karne za mwanzo. Kwa msingi huo, mwaka 2008 zilifunguliwa nchini Kenya benki mbili za kufuata sharia, Gulf African na First Community, na mwenye kutaka akiba yake isiguse pombe akapata mahali pa kuiweka. Marekani nako, mwaka 1971, Wamethodisti walianzisha mfuko wa Pax World uliokataa silaha, pombe, tumbaku na kamari. Na hazina kubwa ya mafuta ya Norway iliwatoa watengenezaji wa tumbaku mwaka 2010.

Itasemwa kwamba kukataa huko ni hasara, na ni kweli kwamba kunaweza kuwa na gharama: wataalamu Harrison Hong na Marcin Kacperczyk walionyesha mwaka 2009 kwamba hisa za pombe, tumbaku na kamari katika Marekani zililipa zaidi ya nyingine, na sababu mojawapo ni kwamba mashirika yenye kuogopa lawama huziepuka, zikawa rahisi kwa asiyeogopa. Naikubali hesabu hiyo bila kuipinda. Lakini mpishi wetu wa Kombewa, ambaye tangu ujana wake ameacha karamu, ameacha jamaa wamwite mwenye majivuno, ameacha hata faida ya kupika pipa wakati karo ilipomshinda, si mtu wa kuambiwa kwamba hawezi kuacha senti chache za pensheni kwa ajili ya dhamiri yake. Amekwisha kulipa zaidi ya hapo. Hakuna aliyemuuliza tu.

Itasemwa pia kwamba akiuza yeye atanunua mwingine, na pombe itapikwa vile vile. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2023, Diageo ya Uingereza ilipoongeza sehemu yake katika East African Breweries kutoka asilimia 50.03 hadi 65 kwa kulipa shilingi 192 kwa kila hisa: wauzaji waliuza, mapipa yakaendelea kutoka. Nakiri kwamba kuuza hisa hakumtoi mlevi hata mmoja kilabuni. Lakini hoja hiyo ingemwachilia pia mama pima, kwani akiacha yeye atapika jirani yake, nasi hatukumwachilia. Nchi iliyomfunga yule haiwezi kuwa na sheria laini zaidi kwa mwenye koti.

Makato ya NSSF, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa shilingi 200 kwa mwezi, yaliongezwa tangu Februari 2023 yakawa sehemu ya mshahara, hivyo fedha ya mpishi na ya mlinzi wa usiku inaingia katika hazina hiyo kwa wingi kuliko wakati wowote wa nyuma. Kwa hiyo naomba mambo mawili, na nayaomba kwa wadhamini wa hazina, kwa Mamlaka ya Mafao ya Uzeeni, na kwa wabunge wa Nyanza watakaosoma haya. La kwanza, kila mchangiaji apelekewe kila mwaka, kwa Kiswahili chepesi na kwa lugha ya nyumbani kwake, orodha ya makampuni ambayo fedha yake imenunua na kiasi cha kila moja. La pili, ufunguliwe mfuko wa pili usio na pombe, tumbaku wala kamari, na mchangiaji anayetaka kuhamia huko ahamie kwa kutia sahihi yake, faida ikiwa kubwa au ndogo. Nawe msomaji unayekatwa mshahara, usingoje sheria: nenda katika ofisi ya hazina iliyo karibu nawe, Kisumu au kwingineko, uulize kwa adabu fedha yako iko katika kampuni zipi, na usiondoke bila jibu lililoandikwa.